Mwandishi wa vitabu vya Moses alitokea wapi
Kwa alouliza kama mwandishi wa vile vitabu vya watoto vya Moses alikuwa Mganda, hapana, Barbara Kimenye alizaliwa Halifax huko Uingereza 1929, akasomea unesi London, akaolewa na mtu wa Bukoba ndo akaja huku kwetu, ndoa ikavunjika akahamia Kampala akafanya kazi serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na baadae magazetini, halafu Nairobi. Moses ya kwanza ilitoka miaka ya 1960, na utamu wake ni kwamba yule dogo wa bweni mtundu kweli na Kimenye hamhubirii mtoto anayesoma, anamwachia acheke. Alifariki 2012 London, mi naona hatujampa heshima yake kabisa. Hadithi alizowaandikia watu wazima tafuta Kalasanda, ya 1965.