Unalipia Mbps 20, zinafika ngapi?

Mwaka jana nilimpigia simu mtoa huduma wangu wa intaneti nikiwa na hasira kweli. Nalipia kifurushi cha faiba cha Mbps 20 (kasi ya megabiti 20 kwa sekunde) hapa nyumbani Tabata, na simu yangu ilikuwa inasoma 6. Nilipima mara tatu nikiwa chumbani, zote zikaja hapohapo kwenye 6. Kesho yake akaja fundi, kijana mpole, wala hakubishana nami. Aliomba laptopu, akachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, akapima. Ikasoma 19.

"Dada, mzigo wako unafika wote hapa," akaniambia. "Unapotelea humu ndani."

Ruta yangu ilikuwa sebuleni, imefichwa nyuma ya televisheni, na kati yake na kitanda kuna kuta mbili za tofali. Tena simu ilikuwa imeshika waifai ya gigahezi 2.4. Hiyo inapenya ukuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, lakini kasi yake ni ndogo na nafasi yake ni finyu, na kwenye nyumba zilizobanana kama zetu ruta za majirani wote zinaigombea. Tulihamishia ruta kwenye korido, juu ya kabati, nikaunga simu kwenye gigahezi 5. Chumbani nikapata 16. Sikuongeza hata shilingi.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujamlaumu mtu, pimia kwenye waya. Namba ya waifai inakueleza habari za kuta zako. Namba ya waya ndiyo inayoeleza habari za unachouziwa. Zima televisheni, waambie watoto waache YouTube kwa dakika tano, na hakikisha simu zilizobaki hazipakui masasisho kimyakimya. Kama kifurushi chako kinazidi Mbps 100, angalia pia tundu la waya kwenye ruta na kwenye laptopu, kwa sababu matundu mengi ya zamani yanaishia 100.

Mimi hupima kwa programu ya Speedtest, kisha kwa tovuti ya fast.com ya Netflix. Speedtest kwa kawaida huchagua seva (kompyuta ya kupimia) iliyo karibu, mara nyingi hapahapa Dar, kwa hiyo inaweza kutoa namba nzuri wakati tovuti za nje zinasuasua. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima tuliyaona hayo. Siku kama hiyo, kusuasua kwa tovuti za nje hakukuelezi chochote kuhusu laini yako.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na linaniuma kwa sababu watu wanadhani wameibiwa. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya GB 1 itakuchukua karibu dakika 7, na hapo hujapunjwa. Soma pia neno "hadi" kwenye tangazo. "Hadi Mbps 20" maana yake ni dari. Na uliza kama kuna kiwango cha GB ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Mimi sikuuliza siku ya kujiunga, na nilipaswa kuuliza.

Miezi michache baadaye tatizo likawa la kweli. Asubuhi nilipata 19, lakini kuanzia saa 2 usiku waya uleule ulisoma 4, wakati mwingine 3. Safari hii sikupiga simu kwa hasira. Nilichukua daftari, nikapima mara tatu kwa siku kwa siku saba: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana, saa 3 usiku. Nikapiga picha kila kipimo. Huduma kwa wateja walianza na lile la kuzima na kuwasha ruta. Nikawatumia picha zote 21 na kuomba namba ya malalamiko. Ndani ya siku nne mafundi walikuja wakahamishia laini yangu kwenye boksi jingine la mtaani.

Hiyo namba ya malalamiko usiiache. Wakikuzungusha, unaweza kulifikisha suala TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama ulianza kwa mtoa huduma wako na alikujibu nini.

Sasa hivi saa 3 usiku napata kati ya 17 na 19. Daftari bado liko juu ya kabati, pembeni ya ruta, na kila tarehe 1 kabla sijalipia mwezi mpya naandika namba tatu.