Ukiitwa kwenye juri, nenda

Barua ya mahakama ya kukuita kwenye juri, yaani kundi la raia wanaoamua kesi, ikifika kwenye nyumba zetu hapa Houston, Texas, Marekani, simu ya kwanza hupigwa kwa mtu anayejua namna ya kuikwepa. Sema Kiingereza hakipandi. Sema wewe si raia. Itupe, hakuna atakayekutafuta. Maneno haya nimeyasikia harusini na msibani, tena kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao, waliolia kwa furaha siku walipoapishwa kuwa raia. Ushauri wangu kwao na kwenu ni kwamba mwende.

Shida ya pesa naielewa vizuri. Wengi wetu tunalipwa kwa saa, na Texas humpa aliyeitwa dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kwa kila siku inayofuata. Kwa dereva wa lori au dada anayetunza wagonjwa zamu mbili, hiyo ni hasara ya wazi. Ila sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi wake wa kudumu kwa sababu ya wito huo. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 asiye na wa kumwachia anaweza kuomba asamehewe, na mwanafunzi wa chuo vilevile. Tarehe ikigongana na safari, omba mapema isogezwe.

Kinachonitia hofu ni uongo. Raia akidai si raia ili aachiwe, hapa Texas jina lake hupelekwa kwa msajili wa wapiga kura, na asipothibitisha uraia wake anaweza kufutwa kwenye daftari. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, naye anaweza kuletewa barua, kwa kuwa majina huchotwa pia kwenye orodha ya leseni za udereva. Yeye ajibu ukweli kwamba si raia, basi. Akijaza kwamba ni raia, anaweza kupoteza ukaazi wake wote. Ukiwa na mzazi nyumbani, kaa naye mjaze fomu hiyo pamoja.

Nadhani sehemu ya uzito wetu inatokana na tulikotoka. Tanzania tuliwazoea wazee wa baraza katika kesi za mauaji Mahakama Kuu, ambao walitoa maoni yao lakini jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Kwa hiyo mtu anajiuliza, mimi nikakae pale nifanye nini, si jaji yupo? Hapa jaji anasimamia sheria na utaratibu, lakini kama mtu ana hatia au hana, wanaoamua ni wajumbe wa juri: 12 katika makosa makubwa, 6 katika madogo, na ni lazima wote wakubaliane. Neno lako halipuuzwi. Ukikataa wewe mmoja, mtu hatiwi hatiani.

Mimi nilikaa kwenye kesi ya kijana aliyeshtakiwa kuendesha gari akiwa amelewa. Katika usaili, kabla hatujachaguliwa, wakili aliuliza nani anaamini kwamba mshtakiwa asiyejitetea kwa kinywa chake ana jambo analolificha. Mikono mingi ilinyooshwa. Ndivyo hata sisi tulivyolelewa: msafi husimama akajieleza. Jaji akatufafanulia kwamba Katiba inampa haki ya kunyamaza, na kimya chake hakiruhusiwi kuhesabiwa dhidi yake. Nililazimika kulitafakari hilo kwa dhati.

Ndugu mdogo wa mshtakiwa alitoa ushahidi huku akitazama sakafu. Tulipoingia chumba cha mashauriano, mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba yule mtoto ni mwongo, hakuthubutu kumtazama mwendesha mashtaka machoni. Nikawaambia kwamba nyumbani kwetu ningemkazia macho mtu mzima anayenihoji, mama angenichapa. Hawakunikubalia wote, lakini mazungumzo yalihama kutoka macho ya shahidi yule yakaenda kwenye alichokisema. Mwishowe tulimtia kaka yake hatiani, na tulifanya hivyo kwa sababu ya kipimo cha damu. Ningekuwa sipo pale, sijui nani angelisema lile.

Ndiyo maana naumia tunapokimbia. Mwaka 1986 huko Dallas, Thomas Miller-El, mtu mweusi, alihukumiwa kifo kwa mauaji. Wakati wa kuchagua juri, waendesha mashtaka waliwaondoa weusi 10 kati ya 11 waliokuwa wamebaki na sifa za kukaa. Ilichukua hadi mwaka 2005 kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kumpa ushindi kwa sababu ya ubaguzi ule. Watu waliumia miaka yote hiyo ili mweusi asiondolewe kwenye kiti kile kwa rangi yake, halafu sisi tunajiondoa wenyewe! Siku mtoto wetu akisimama kizimbani, atatafuta usoni mwa wale wajumbe mtu anayefanana na mjomba wake, na hatamwona.

Lafudhi isikutishe. Kama umefaulu usaili wa uraia na unaendesha maisha yako kwa Kiingereza, unatosha. Swali usilolielewa, inua mkono uombe lirudiwe. Mimi niliomba na hakuna aliyenicheka. Beba koti, vyumba vile vina baridi kali, na kitabu cha kupitishia saa za kusubiri. Ukichaguliwa, usiitafute kesi kwenye intaneti wala kupita mahali lilipotokea tukio. Waambie wa nyumbani mapema kwamba hutasimulia chochote mpaka hukumu itoke, maana mashemeji watauliza. Na akikupigia mtu akidai umekosa juri hivyo ulipe faini sasa hivi kwa simu, huyo ni tapeli. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye barua ya mahakama.