Mwaka wa Kujitolea Ulionila Miaka Miwili

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumui. "Dada, nianze chuo au niende kwanza kujitolea Ujerumani?" Mimi nilienda. Sijutii, ila nilienda na hesabu mbovu.

Nilimaliza kidato cha sita Mei 2017. Mpango nilioenda nao unaitwa weltwärts. Ulianza 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nje, na 2013 ukafungua mlango kwa vijana wa nchi kama yetu, Tanzania, nao waende kule, wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Kujitolea kwenyewe ni mwaka mmoja. Lakini kuna kuomba, usaili, kozi ya Kijerumani, na viza. Nilipanda ndege Agosti 2018, nikarudi Agosti 2019, na niliokuwa nao bweni moja walikuwa wanaingia mwaka wa tatu chuoni. Mimi ndiyo kwanza natafuta chumba cha kupanga. Kwa hiyo usijiulize kama unaweza kusubiri mwaka. Jiulize kama unaweza kusubiri miwili.

Nilipangiwa Wuppertal, mji wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, kwenye nyumba ya wazee. Kazi ilikuwa kulisha, kutandika, kusukuma viti vya magurudumu. Desemba saa kumi na nusu jioni giza linaanza kuingia. Hayo yote niliyazoea.

Kilichonishinda ni simu za nyumbani. Tiketi, bima, chumba na chakula vilikuwa juu ya mpango, na mkononi nilipewa posho ndogo ya mwezi. Ila kwa mama mkubwa, mtoto akiwa Ulaya anapokea mshahara. Mwezi wa pili tu akaniomba mabati. Nikatuma kidogo kwa aibu, na kutuma huko kukathibitisha kwamba ninazo! Laiti ningewakalisha wote sebuleni kabla ya safari na kuwaambia: siendi kazini, sitatuma kitu. Ukimwambia mama peke yake, habari ikifika kwa wajomba imeshageuka.

Jambo jingine ni mkopo wa chuo. Dirisha la Bodi ya Mikopo halikusubiri nirudi. Niliomba nikiwa kule, na kaka yangu ndiye aliyezunguka na fomu, serikali ya mtaa leo, wakili kesho, huku cheti changu cha kuzaliwa kikihitaji kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Tulituma siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Hakiki cheti kabla hujaondoka, na nakala zako mwachie mtu mwenye miguu myepesi. (Na mtu akikutaka ulipie "nafasi" ya kujitolea, huyo ni wa kukimbiwa.)

Wapo wanaosema utarudi umejitambua. Mimi niliondoka nataka uhasibu, nikarudi nikasoma uhasibu. Nilichopata ni Kijerumani, na ujasiri wa kumwambia mtu "sijaelewa, rudia" bila kuona haya. Chuoni ulinifaa kuliko nilivyotarajia.

Ndiyo maana anayeniuliza, mimi naanza kwa kumuuliza nyumbani nani anasubiri amalize ili naye asomeshwe. Mwaka jana mmoja aliniambia ana wadogo wawili. Nikamwambia aanze chuo, awanie nafasi hiyo akishahitimu, maana umri bado utamruhusu. Alininunia wiki nzima. Sasa yuko mwaka wa kwanza, na jioni anasoma Kijerumani.