Nimlipe anayetaka kuniwekea maneno 200 ili nionekane Google?

SWALI: Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Tovuti yangu ina miezi minane, lakini hata nikiandika jina kamili la biashara, Google haiileti. Kijana mmoja anataka hela aniwekee maneno 200 ya utafutaji kwenye msimbo (maandishi ya ndani yanayoijenga tovuti) na kuninunulia viungo (linki) kutoka tovuti nyingine. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Orodha hiyo ya maneno inayofichwa kwenye msimbo, Google walishasema tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Viungo vya kununua ndiyo kabisa, ni kinyume cha masharti yao na vinaweza kukuponza.

Nimeifungua tovuti uliyonitumia kwenye kompyuta, nikabonyeza Ctrl na U ili nione msimbo wake. Juu kabisa kuna neno "noindex". Maana yake tovuti yako inaiambia Google isiiingize kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazotolea matokeo, na Google inatii. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ina kisanduku cha jambo hilo kwenye mipangilio, sehemu ya usomaji. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, kisha wakishalipwa wanasahau kukitoa. Siwacheki: niliwahi kumkabidhi mteja tovuti hivyohivyo, wiki tatu tukawa tunalaumu mtandao.

Toa tiki, hifadhi, kisha jisajili Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure, uombe ukurasa wa mwanzo upitiwe. Subiri siku kadhaa, pengine wiki. Kuhakiki, andika site: kwenye Google na anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi.

Tovuti ikishaingia Google, kuna la pili. Kurasa zako zote zina kichwa kimoja, "Karibu". Nani anatafuta "karibu"? Mteja anaandika "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei". Kila kitanda kipe ukurasa wake na kichwa chenye maneno hayo. Bei na vipimo umevichora ndani ya picha, kama matangazo ya WhatsApp. Viandike kwa maandishi ya kawaida. Karakana nayo isajili kwenye ramani ya Google, maana wengi wanatafuta fundi wa karibu.

Ile hela ya kijana mpe mpiga picha, aje mchana vitanda vikiwa nje. Hizo picha zako za usiku, mninga na mbao ya kawaida havitofautiani.