Kabla hujapeleka chembe zako za NaYF4 kwenye seli

Siku utakapoelekeza leza ya nanomita 980 kwenye kichupa chako cha kwanza cha chembe za NaYF4 (fuwele ndogo mno za sodiamu, itriamu na floridi, zinazogeuza infraredi isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana), utaona mstari wa kijani umekatiza kimiminika kisicho na rangi. Mimi nilipiga kelele mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Ila leza yenyewe haionekani, na jicho halikwepi mwanga lisiouona. Vaa miwani ya urefu huohuo wa wimbi. Ile ya leza ya kijani uliyoikuta mezani haikusaidii kitu.

Ndani ya chembe, sehemu ya itriamu hubadilishwa na metali za jamii ya lanthanidi; wengi tunaanza na itabiamu asilimia 20 na erbiamu asilimia 2. Itabiamu inameza infraredi na kuipasia erbiamu; nguvu ya fotoni mbili inajumlishwa, inatoka moja ya kijani, karibu na nanomita 540. Uzuri wake ni kwamba nyama ya mwili ikimulikwa kwa infraredi haitoi mwanga wake wa kijani, kwa hiyo unachokiona ni chembe zako tu.

Mapishi utayapata kila mahali: chumvi za metali kwenye asidi ya oleiki na oktadesini, nyuzi 150 hivi, poza, mimina methanoli yenye sodiamu haidroksidi na amoniamu floridi, kisha nyuzi 300 ndani ya argoni kwa saa moja na nusu. Kinachowaponza wageni ni hatua isiyo na sifa, ya kuondoa methanoli. Huchemka nyuzi 65, na ikibaki kidogo halafu ukapandisha moto, mchanganyiko unafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Wangu ulipanda hadi kwenye kondensa, bomba la kupozea mvuke, nikashinda siku nzima naosha vioo. Siku hizi nakaa nyuzi 100 huku pampu ikivuta hewa, mapovu yakome, kisha nasubiri tena robo saa. Joto lisipotosha, fuwele zinabaki za kiubiki (atomi zimepangwa kimchemraba), ambazo mwanga wake ni hafifu mno kuliko za heksagoni (mpangilio wa pembe sita). Usikisie kwa macho, peleka unga ukapigwe eksirei.

Shida kubwa iko kwenye maji. Chembe zimevaa oleiki, zinapenda heksani (kiyeyushi kisichochanganyika na maji). Ukizivua kwa asidi ya pH 4 zinaingia majini, lakini maji yanaiba nguvu kupitia uso wa chembe na kijani kinafifia. Ndiyo maana tunazivika kwanza gamba la NaYF4 tupu, lisilo na itabiamu wala erbiamu. Niliwahi kuziacha chembe zilizovuliwa ndani ya bafa ya fosfati, kimiminika cha kuzuia pH isibadilike. Asubuhi zimetuama chini kama unga wa muhogo. Fosfati inang'ang'ania lanthanidi za usoni. Jambo jingine linalosahaulika: kwenye maji mengi chembe huyeyuka polepole na kuachia floridi.

Kwa hiyo seli zikifa, usikimbilie kuandika kwamba tiba ya mwanga, yaani kuua seli kwa chembe zinazowashwa na leza, imefanya kazi. Maji humeza nanomita 980 na kupata joto, na huenda umezichemsha tu. Neodimiamu ikiongezwa kwenye chembe hukuwezesha kutumia nanomita 808, ambayo maji huimeza kidogo sana. Kwenye trei yako ya seli weka kisima (kishimo kimoja cha trei) cha leza bila chembe, cha chembe gizani, na cha maji ya juu yaliyobaki baada ya kuzizungusha zikatuama, maana floridi iliyoachiwa hubaki humo. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifutia matokeo ya miezi miwili.