Nilifuta maktaba ya zamani, programu zikagoma

SWALI: Mwaka 2021 nilijijengea mfumo wa Linux kutoka kwenye chanzo (msimbo wa programu kabla haujakompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa), nikifuata kitabu cha Linux From Scratch, kinachofundisha kazi hiyo. Juzi niliweka OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche (faili za msimbo ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja), mahali pa toleo la 1.1.1, kisha nikazifuta faili za zamani ili zisirundikane. Sasa curl (ya kupakua data mtandaoni) na ssh (ya kuingia kwenye kompyuta nyingine) hazifunguki kabisa, zikidai kwamba libcrypto.so.1.1, faili ya toleo la zamani, haipo, na Python inafunguka lakini haiwezi kusoma tovuti za https. Je, nijenge upya? Na nitumie kisimamizi gani cha paketi (programu ya kusakinisha programu nyingine na kutunza kumbukumbu za faili zake) ili jambo hili lisijirudie?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, usijenge upya, na kwa sasa usiizime kompyuta. Kama kmod yako, zana inayopakia moduli za kernel (vipande vya kiini cha Linux, kama viendeshi vya vifaa), iliunganishwa na OpenSSL, kompyuta ikiwashwa tena itashindwa kupakia moduli hizo, na tatizo dogo litakuwa kubwa. Zana za kujiokoa bado unazo, kwa kuwa gcc, make na Perl, zinazotumika kukompaili, hazitegemei OpenSSL.

Programu inapokompailiwa, huandikiwa ndani yake jina la maktaba ambayo programu hiyo inaihitaji, pamoja na namba inayofuata neno «so». Watengenezaji huibadilisha namba hiyo pale ambapo maktaba mpya haiwezi kushika nafasi ya ile ya kale bila programu kukompailiwa upya. Wapo wanaoshauri kutengeneza kiungo chenye jina la zamani kinachoelekea kwenye faili mpya. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu alama za matoleo zilizomo ndani ya maktaba hizo mbili hazilingani na programu itakataa vilevile.

Chukua chanzo cha OpenSSL 1.1.1 (kama hukukihifadhi, kipakue kwa kompyuta nyingine na ukilete kwa flashi), ukikompaili, lakini usikisakinishe juu ya toleo jipya. Nakili libssl.so.1.1 na libcrypto.so.1.1 pekee kwenye /usr/lib, kisha endesha ldconfig, amri inayosasisha orodha ya maktaba za mfumo. Programu zote zitaamka. Hapo ndipo utafute zinazotegemea faili hizo, kwa amri kama hii:

grep -rlE 'lib(ssl|crypto)\.so\.1\.1' /usr/bin /usr/sbin /usr/lib /usr/libexec

Usiishie kwenye /usr/bin, maana libcurl na moduli za Python zimo ndani ya /usr/lib. Kompaili upya kila kilichotajwa, ukianza na kmod, na uzifute faili za zamani pale tu ambapo orodha haitaji kitu kingine isipokuwa zenyewe.

Kuhusu kisimamizi, kitabu chenyewe kinaeleza njia kadhaa bila kukulazimisha kufuata yoyote. Pacman, kisimamizi cha Arch Linux, ni chombo kizuri, lakini ukiisakinisha leo haitakuwa na kumbukumbu yoyote ya faili ulizoweka kwa mkono wako, hivyo italalamika kwamba tayari zipo. Mbinu ya viungo, kama ile ya GNU Stow, ambapo kila paketi hukaa kwenye folda yake na viungo huelekea humo, naiona inafaa /usr/local (mahali pa programu za ziada) kuliko kiini cha mfumo. Kwa mtu mwenye kompyuta moja, mimi ningeshika DESTDIR, yaani kuiambia make iziweke faili kwanza kwenye folda ya pembeni. Badala ya kusakinisha moja kwa moja, unaandika:

make DESTDIR=/tmp/curl install

Faili zote hutua kwenye folda hiyo. Unaziorodhesha kwa find, unaihifadhi orodha pamoja na chanzo na amri ulizotumia, ndipo unapozihamishia mahali pake. Kazi hii ya dakika chache ndiyo itakayokuonyesha, miaka miwili baadaye, faili fulani ililetwa na paketi gani.

Hata hivyo, kagua folda hiyo kabla ya kunakili. Ondoa usr/share/info/dir, la sivyo itafuta faharasa ya miongozo ya info uliyonayo, na linganisha yaliyomo kwenye etc na mipangilio yako. PHP hutumia INSTALL_ROOT badala ya DESTDIR, na kwa paketi za Python utatumia pip3 install --root. Zaidi ya hayo, usinakili maktaba kwa cp juu ya faili ambayo programu inaitumia wakati huo, kwani cp huandika ndani ya faili ileile na programu inaweza kuanguka. Amri ya install huiondoa kwanza ya zamani, hivyo ni salama.

Glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, iache nje ya utaratibu huu mpaka uwe umesoma maelekezo yake maalumu kitabuni, kwa kuwa karibu kila programu uliyonayo, pamoja na ls na bash, inaitegemea.