Kodi ya Bach inageuka uji kwenye distosheni: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa kwenye kwaya yetu hapa Tabata. Nyumbani nimeanza kuipiga Tokata na Fuga ya Bach ya D mainor kwa mtindo wa roki. Mwanzoni, kwenye zile noti za moja moja, inatoka vizuri sana. Nikifika pale kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inapojengwa noti juu ya noti, nasikia uji mtupu. Nimeshabadilisha pedali mara mbili. Ninunue amplifaya nyingine? Halafu nikipiga pamoja na rekodi za Vivaldi, gitaa langu linakuwa juu kwa karibu nusu sauti (yaani freti moja), wakati tyuna inasema niko sawa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Amplifaya usinunue, hela weka. Tatizo liko kwenye kodi yenyewe (naomba TRA wasisome hapa).

Distosheni, yaani kule kukwaruza sauti ya gitaa makusudi, haiongezi ukali tu. Noti mbili zikiingia kwa pamoja, inazaa na nyingine ambazo hukuzipiga, mojawapo ikiwa ile ya tofauti kati yao. Chukua D ya hezi 146.8 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) na A ya hezi 220. Ukitoa unapata 73.2, ambayo ni karibu kabisa D ya okta ya chini, hezi 73.4. Mtoto kafanana na mama, kwa hiyo sikio linafurahi. Ndiyo maana wanaroki wanaishi kwa kodi za noti mbili, ya kwanza na ya tano.

Sasa njoo kwenye kodi inayokutesa: C shapu, E, G na B flati juu ya D ya besi. Hezi zake ni 138.6, 164.8, 196 na 233.1. Toa kila moja kwa jirani yake: 26, 31, 37. Hizo zote ziko chini kuliko uzi wako mnene kabisa, ambao ni hezi 82, na mbili za kwanza hazina undugu wowote na kodi. Huo ndio uji wako. Pedali ya laki tano itakupikia uji uleule, labda wenye sukari zaidi.

Dawa ni kwamba noti mbili zisikutane ndani ya distosheni moja. Umewahi kusikia sopran, alto, tena na besi wakibanana kwenye kipaza sauti kimoja kinachopasuka? Mpe kila mmoja cha kwake, maneno yanarudi. Ukirekodi, piga C shapu peke yake kwenye treki yake, kisha E, kisha G, kisha B flati, halafu zitawanye kushoto na kulia. Brian May wa Queen alijenga kwaya zake za magitaa hivyo hivyo, sauti moja moja. Geini (kiasi cha distosheni) ishushe hadi nusu ya unayotumia sasa, maana treki nne zikijumlishwa zinatosha kuunguruma zenyewe.

Jukwaani, fanya kama bendi za dansi. Wasikilize Sikinde au Msondo: solo na rithimu wanapishana bila kukanyagana, na besi ana njia yake. Basi besi ashike D, rithimu C shapu, solo B flati. E na G mpe mtu wa kinanda, kwa sauti safi isiyopita kwenye distosheni yoyote. Kodi ikifunguka kuwa D meja, ile F shapu nayo usiipige gitaa moja na D, itakuchafulia vilevile.

Fuga yenyewe, ile sehemu ambayo sauti zinafukuzana, haitakusumbua sana. Wazo lake kuu ni mstari mmoja ambao A inarudi kila baada ya noti, kwa hiyo unasikia sauti mbili ilhali mkono unapiga moja. Mwaka 1981 mtaalamu Peter Williams alitoa hoja kwamba huenda kazi hii ilianza kama muziki wa fidla, na wapo wanaotilia shaka kama ni ya Bach kweli. Mimi ubishi huo siuingii, ila vidole vyangu vinamwelewa Williams. Laza kiganja karibu na daraja la gitaa ili A iwe fupi na kavu, nyuzi usizopiga zizime kwa mkono wa kushoto. Na mpiga dramu mwambie atulie sauti ya pili inapoingia! Wengi hujaza ngoma kubwa kwa miguu miwili hapo, na kufukuzana kote kwa sauti kunapotea.

Kuhusu Vivaldi, tyuna yako haina kosa. Wapigaji wengi wa baroko (muziki wa enzi za Bach na Vivaldi) kwa vyombo vya kale huweka A kwenye hezi 415, si 440, na hiyo ni nusu sauti chini. Kama tyuna inakubali kubadilishwa, iweke 415 kisha tyuni kama kawaida. Kama haikubali, shusha nyuzi zote nusu sauti, E iwe E flati. Zitalegea kidogo, kwa hiyo kama umefunga seti ya nyuzi nyembamba ya 09, funga ya 10 iliyo nene kidogo.